Wadi Yenye Baridi Kuliko Zote

Chandarua kilipita juu ya Mwalili alfajiri, kama kilivyopita kila alfajiri tangu Syomiti awe msichana wa shule, na kama kawaida yake hakikusimama.

Kilikuwa juu kuliko wanakofika tai: utando wa kijivu uliofumwa kwa maputo madogo yasiyohesabika, mpana kama wadi nzima, ukisukumwa na feni ambazo sauti yake haikufika chini. Kivuli chake kilikuja kikitambaa ardhini. Kikapanda paa la kanisa, kikapita juu ya migunga, kikateremka kwenye mchanga mkavu wa mto Kyamwe, kikavuka. Ng'ambo, juu ya wadi ya Kathuma, kikatia nanga. Kingekaa huko hadi jua litue.

Watu wengi wa Mwalili walikuwa wameshaacha kukitazama. Syomiti alikuwa bado anakitazama, mikono kiunoni, kama mtu anayemsubiri mdeni wake atoke kanisani.

Alikumbuka siku kilipozinduliwa. Wenzake walisahau, yeye hasahau, na ndiyo sababu wakubwa hawampendi. Mgeni wa heshima alipanda jukwaani amevaa koti la sufi kwenye jua lile, akasema kaunti imepata dawa. Chandarua ni kimoja na kinatosha wadi moja tu, akasema, lakini hakitakuwa cha mwenye nguvu wala cha mwenye kujuana na watu. Kila nyumba ingepewa bangili ya kupima joto. Bangili zingepeleka habari kwa Karani, mashine isiyo na mjomba wala shangazi, na Karani angepeleka kivuli pale penye mateso zaidi. Watu walipiga makofi hadi viganja vikawaka. Tangu siku hiyo Karani hakuwahi kuona mateso Mwalili hata mara moja.

Syomiti aliuliza kwa nini. Aliuliza kwenye mabaraza, akauliza kwenye ofisi za kaunti, alikokaa kwenye benchi mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu. Shule aliiacha mapema, akajisomea mwenyewe kwa vitabu vya watu waliofeli mtihani, na maswali yake yalikuwa na miiba. Jibu halikubadilika: mfumo ni wa kisayansi, mama. Mkubwa wa siku hizi akishindwa kukueleza jambo hukuambia ni sayansi, kama vile baba yake alivyokuambia ni mapenzi ya Mungu.

Basi Mwalili wakajifunza kuishi na jua lao. Kazi zilifanywa kabla halijapanda. Likishapanda, kila nyumba ilishuka kwenye handaki lake, chumba kilichochimbwa chini ya sakafu na kuezekwa kwa magogo na udongo mzito, watu wakalala humo kama fuko hadi alasiri. Handaki lilimtosha mtu aliyelala. Halikumtosha mwanamke mwenye uchungu wa uzazi. Huyo huhema kwa ajili ya watu wawili, na hewa ya chini humwishia.

Ndanu, mdogo wake Syomiti, mimba yake ilikuwa imekomaa. Mkunga alisema ni wiki hii au ijayo, na joto kali linalotangulia mvua lilikuwa limeshaanza. Mwaka juzi walimbeba Ndanu huyu huyu kwa kitanda hadi lango la Kathuma, ajifungulie kwenye zahanati ya kivulini. Lango halikufunguliwa. Msimu wa joto, waliambiwa, zahanati ni ya wakazi tu. Mtoto alizaliwa kwenye mchanga wa mto, mchana, na hakuuona usiku.

Safari hii Syomiti alikuwa na kitu mkononi. Mahakama ilikuwa imeamua, kwa kesi ambayo yeye mwenyewe aliisukuma mpaka viatu vikaisha soli, kwamba mwananchi yeyote ana haki ya kumwuliza Karani swali ana kwa ana, bila ofisa kati yao. Alijifunga leso, akavuka mto.

*

Mlinzi wa lango la Kathuma alikuwa Mulatya, shemeji yake, mume wa binamu yake. Ndiye aliyekuwa zamu mwaka juzi pia. Tangu hapo walikuwa wakitaniana kama mashemeji wanavyopaswa kutaniana, ila yeye Mulatya alikuwa akitania huku anatazama kando.

“Leo umekuja na karatasi ya mahakama au na mawe?” akauliza.

“Karatasi. Mawe nitayafuata nikishasikia jibu.”

Akamfungulia. Ndani ya kivuli Syomiti alihisi ngozi ya mikono ikisisimka, na baada ya hatua chache meno yakaanza kugongana. Mulatya alifurahi sana. Akamvulia sweta lake, akamwambia avae kabla hajafia mikononi mwa serikali.

Alikuwa hajawahi kuingia humo mchana. Alitaka kuchukia kila kitu, lakini macho yakawa na udadisi wake. Ilikuwa karibu saa sita na watoto walikuwa wanacheza mpira uwanjani. Wanaume wenye koti walikaa nje ya maduka bila kutafuta ukuta wa kuegemea. Nyumba zote zilikuwa za mabati matupu, fupi, bila dari, na madirisha yalitazama magharibi, upande ambao hakuna mtu wa Mwalili ambaye angethubutu kutoboa ukuta. Miti ilikuwa imekatwa ili kabeji zipate nafasi. Syomiti aliinama, akachukua udongo wa shamba moja akausugua kwa vidole. Ulikuwa mweusi, mlaini, umelowa.

“Hata udongo wetu unaukagua?” Mulatya akasema.

“Naangalia kama nao una kitambulisho cha mkazi.”

Hakucheka.

Karani alikuwa kwenye nguzo nene ya chuma katikati ya kituo, penye kamba za nanga zilizopanda juu hadi zikapotea machoni. Ukifika unagusa kioo, unasema jina na wadi yako. Sauti yake haikuwa ya kiume wala ya kike, na Kiswahili chake kilikuwa cha adabu mno, kama cha mtu anayesoma matangazo ya vifo.

“Kwa nini Mwalili haipati kivuli?” Syomiti akauliza.

“Kwa sababu Mwalili ndiyo wadi yenye baridi kuliko zote katika kaunti,” Karani akasema.

Mulatya alikohoa, akajifanya anachunguza kamba.

Hasira ya Syomiti ilikuwa ya miaka mingi na ilijua kusubiri. Swali ndilo lililokuwa na haraka. Akamwambia Karani aeleze baridi hiyo ameipata wapi. Karani akaeleza bila kujitetea, na kadiri alivyoeleza ndivyo Syomiti alivyosogea karibu na kioo. Bangili zote za Mwalili, au karibu zote, zilionyesha nyuzi ishirini na moja saa sita mchana. Usiku vivyo hivyo. Jua kali au mawingu, vivyo hivyo. Joto lilipanda kidogo tu asubuhi na jioni, kisha likashuka tena. Ngozi za watu wa Mwalili zilikuwa na unyevunyevu wakati wote, lakini unyevu huo haukuwa na chumvi.

“Ukaona ni sawa?” Syomiti akauliza.

“Jasho lisilo na chumvi nililihesabu kuwa dalili ya afya njema.”

Alimwuliza kuhusu mapigo ya moyo. Mashine inayopima watu si huanza na moyo? Karani akasema bangili za kwanza zilichorwa zikiwa na kipimo cha moyo, lakini kiliondolewa wakati wa zabuni ili bei ishuke. Zilizobaki zilipima joto, unyevu na chumvi. Hakuwa na njia ya kujua bangili imevaliwa na nani, wala imelala wapi.

Mulatya alishindwa kujizuia. “Shemeji, samahani, lakini sikiliza mwenyewe. Watu wa baridi mchana kutwa, wana maji maji, hawana chumvi. Hao si watu. Hiyo ni mitungi.”

Syomiti aligeuka kumjibu, lakini macho yakatangulia. Alikuwa anautazama mkono wa Mulatya. Bangili yake ilikuwa imekwaruzika, ina weusi wa mafuta kwenye kiungo, imeingia mwilini kama pete ya ndoa ya zamani.

“Yako unaivua lini?”

“Nivue ya nini? Nimechinjia nayo mbuzi, nimefyatulia nayo matofali. Kwani yenu mnaiweka wapi?”

Syomiti alikuwa anaiona. Ilikuwa nyuma ya mtungi wa maji nyumbani kwa mama yake, kwenye kona yenye giza kuliko zote, imefungwa kwa kitambaa safi cheupe, ikipata moto wa jiko asubuhi na jioni tu, inang'aa kama siku ilipoletwa. Na aliona kona nyingine kama hiyo, nyumba kwa nyumba, Mwalili nzima.

*

Anayetaka kucheka acheke, lakini asikie kwanza.

Kabla ya chandarua, Mwalili walikuwa wameletewa pampu ya maji. Mpini wake ulivunjika kabla mwaka haujaisha, kwa sababu ulikuwa mpini mbovu. Maofisa walikuja, wakawakusanya akina mama juani, wakawatukana mbele ya watoto wao kwamba hawajui kutunza mali ya watu. Wakaing'oa pampu, wakaondoka nayo. Syomiti alikuwepo, amesimama nyuma ya gauni la mama yake, na alihisi gauni lile likitetemeka.

Kwa hiyo zilipoletwa bangili, hakuna mama wa Mwalili aliyekuwa tayari kuaibishwa tena. Mali ya mradi haivaliwi kuchungia mbuzi. Huwekwa pahali pa heshima, na pahali pa heshima ni pale jua lisipoweza kuiharibu. Maofisa walikuwa wakija kukagua mara moja kwa mwaka, asubuhi na mapema kabla joto halijaanza, maana nao walikuwa na ngozi. Walikunywa chai. Waliuliza kama bangili iko salama. Mama yake aliifungua kitambaa akawaonyesha, wakamsifu. Mwaka mmoja walimpa hata kalenda.

Walimsifu. Hilo ndilo Syomiti aliloshindwa kulimeza, pale mbele ya nguzo. Miaka yote alimtafuta mwizi. Alikuwa na majina ya watu, alikuwa na kauli zao tangu wakiwa wadogo serikalini. Sasa alichopata ni adabu ya mama yake na uvivu wa watu wasiotaka kutoka jasho, vimekaa pamoja vikinywa chai.

Akamweleza Karani bangili zilikolala na jua la Mwalili lilivyo, kisha akamwuliza: Mwalili wakivaa bangili zao leo, itakuwaje?

Karani akasema hungoja wiki nzima ya vipimo kabla ya kung'oa nanga, asije akadanganywa na homa ya mtu mmoja. Wiki ikiisha, kwa joto alilosikia sasa kwamba lipo, chandarua kitahamia Mwalili.

“Na Kathuma?” Swali hili lilitoka kwa Mulatya.

“Kathuma itapata joto ambalo miili ya wakazi wake haijalizoea,” Karani akasema. “Nyumba ni za mabati, miti hakuna. Watakufa watu, zaidi watoto wachanga na wazee. Mateso ya Kathuma yakizidi ya Mwalili, nitarudisha kivuli. Lakini itanichukua wiki kuamini.”

Mulatya aliondoa mkono wake kwenye kamba polepole. Binti yake alikuwa amejifungua juzi juzi. Syomiti alikuwa amesikia habari hiyo sokoni na hakutuma hata salamu. Sasa shemeji yake alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamwomba waziache bangili zilipo mpaka mvua inyeshe. Ni mwezi mmoja tu. Wameshazoea jua, Mwalili, wana mahandaki yao, mwezi mmoja ni nini kwao.

“Mwaka juzi nilikuomba siku moja,” Syomiti akasema.

Alivua sweta, akalitundika kwenye nguzo, akatoka.

*

Mwethya, yaani kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, ulikuwa umejipumzisha kwenye handaki la kanisa, pana kuliko yote. Ndanu naye alikuwepo, amelala kwa ubavu kwenye mkeka karibu na ngazi, panapoingia upepo. Syomiti aliwasimulia yote. Hakuna aliyemkatiza hadi alipofika kwenye mtungi. Hapo mwanamke mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, kicheko kile kibaya cha msibani kisichojua pa kutokea. Mama yake hakucheka. Alisema tu kwamba yake aliifuta kwa majivu na limau kila Jumamosi. Kisha akajifunika uso kwa leso.

Vijana walitaka zivaliwe saa hiyo hiyo na Kathuma wajionee. Walitufungia, wakasema, nasi tusifungue. Fundi wa magogo, Muthengi, mtu mzito wa maneno, aliuliza ni mtoto gani wa Kathuma aliyefunga lango, ili yeye amjue. Wakamzomea. Mwingine akasema zivaliwe nusu, mwingine akasema zivaliwe mvua ikishapita, na mzozo ukapanda joto kuliko jua lenyewe. Syomiti alikuwa upande wa vijana. Alisema hivyo, na alisema vizuri, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameyanoa kwa miaka.

Ndanu alinyoosha mkono akamvuta leso dada yake.

“Kwao kuna udongo gani?”

“Udongo?”

“Uliuona. Wewe huwezi kupita pahali bila kupekua.”

Syomiti akasema ni mweusi, mlaini, umelowa kwa maji ya kabeji.

“Basi unachimbika,” Ndanu akasema. “Hapa tulichimba kwenye mawe.”

Watu walisogea ili wamsikie. Syomiti alielewa anakoelekea na damu ikampanda. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hatawachimbia handaki watu waliomwacha azalie mchangani, na kwamba kama Ndanu amesahau, yeye hajasahau.

“Aliyelala mchangani ni mimi, dada. Hasira hiyo ni yangu. Umenibebea vya kutosha, sasa nirudishie.” Ndanu alipumzika, akahema, akaendelea. Bangili atavaa, leo, kabla hajalala. Hatafia adabu. Lakini wiki ambayo Karani anangoja ni ndefu, na mwethya ukiwa na nia humaliza handaki la nyumba moja kwa siku. Wakivuka wote, na watu wa Kathuma wakishika majembe yao, kivuli kitakapoondoka kitawakuta wachanga na wazee wako chini ya ardhi.

Kijana mmoja akauliza kwa dharau watalipwa nini.

Muthengi ndiye aliyejibu, na alijibu kama anayemfundisha mtoto. Mwethya haulipwi. Lakini mwenye shamba lazima awalishe waliokuja kumfanyia kazi, na anayewanyima chakula, kwake hawarudi tena. Akawauliza wenzake kama kuna mwenye njaa ya kabeji. Hakuna aliyekuwa nayo. Akamtazama Ndanu, na handaki zima likamtazama.

Mama yake Syomiti alipanda ngazi. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe mkononi. Alimfunga Ndanu bangili mwenyewe, na kwa kuwa mkono ulikuwa umevimba kwa mimba, ilibidi aisukume kwa sabuni.

*

Walifika langoni asubuhi, jua likiwa bado chini, majembe begani, bangili mikononi. Zile bangili ziling'aa hata ungedhani ni harusi. Nyuma yao punda alivuta mkokoteni, na ndani ya mkokoteni Ndanu alikuwa ameegemea magunia, ameuma ukingo wa leso. Uchungu ulikuwa umeanza njiani.

Mulatya alikuwa peke yake. Usiku mzima, alisema baadaye, alikuwa amewaza kuwaambia wenzake na hakumwambia hata mkewe. Alihesabu majembe kwa macho, akashika komeo kwa mikono miwili.

“Mmekuja kuchimba nini?”

“Tukianza leo, nyumba,” Syomiti akasema. “Tukianza wiki ijayo, unajua mwenyewe.”

Alimweleza kwa ufupi, wa Mwalili hawana muda wa hotuba jua likipanda. Bangili zimeshavaliwa, hilo halijadiliwi. Nyumba ya kwanza itakuwa ya binti yake Mulatya mwenye mtoto mchanga. Mwethya utaleta majembe na magogo ya kufundishia, na Kathuma italeta watu wake wote wenye mikono. Chakula chao ni kimoja tu, na kiletwe sasa: kitanda cha zahanati, na mkunga kando yake, kwa huyu aliye kwenye mkokoteni.

Mulatya alisema amri ya wakazi tu haijaondolewa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Anaweza kupoteza kazi, akasema. Anaweza hata kufungwa.

Syomiti alikuwa na majibu ya kila namna kwa neno lile amri. Alikuwa na majibu ya kumtoa machozi. Aliyashika, na ilimuuma kuyashika. Ndanu akapiga ukelele mmoja mkokotenini, mfupi, kisha akaumeza.

Mulatya alivuta komeo. Lilikuwa na kutu na lilichelewa kutoka. Akalipiga teke, likatoka. Alimshika punda wa mkokoteni mwenyewe, akaongoza kuelekea zahanati, akimfokea kila aliyetokea mlangoni ampishe njia. Mwethya uliingia nyuma yake kwenye kivuli, watu wakaanza kutetemeka kwa baridi, na wenyeji wakatoka na makoti yao kuwatazama.

Alipomkabidhi Ndanu kwa mkunga, Mulatya alirudi mbio hadi nyumbani kwa binti yake. Muthengi alikuwa tayari anapiga hatua kupima sakafu, na Syomiti alikuwa amepiga magoti akiuchimbua udongo mweusi kwa ncha ya jembe, kuona unabadilika wapi. Binti alikuwa mlangoni na mtoto kifuani, haelewi kitu. Mulatya aliokota koleo lililokuwa limeegemezwa ukutani, la kabeji, jepesi, lisilofaa. Aliligeuza mikononi. Akauliza shimo liende chini kiasi gani ndipo joto likome kumfuata mtoto.

Tangu chandarua kipande angani, lilikuwa swali la kwanza la maana kutoka Kathuma. Syomiti alimsogezea nafasi, akamwonyesha.